Pole Niliyopewa Mferejini

Kaka yangu ni baharia. Hakuwa na viza ya kushuka Kanada, lakini meli yake ingepita kwenye mfereji wa meli, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka mtaani kwetu, Thorncliffe Park, na penye malango ya maji pana jukwaa la watazamaji. Akaniandikia: njoo Jumamosi, nimwone mtoto japo kwa macho, mengine tutasema kwa mdomo. Miaka na miaka hatujaonana! Ningeweza kulala hapo hapo uzioni nikimsubiri.

Mume wangu akaanza visababu. Mara baridi, mtoto atashikwa na kifua. Mara injini ya gari inagonga. Nikamwambia, "Bwana wewe, ukitaka baki. Mimi na mwanangu tutapanda basi." Akachukua funguo.

Tunakaribia tu, daraja likainuka mbele yetu. Barabara nzima, lami na mistari yake, ikapanda hewani, na meli moja ikapita taratibu kama bibi harusi. Haikuwa ya kaka, namshukuru Mungu, maana nusura nishuke nikimbie. Mume wangu alikuwa ametulia tuli, kazima injini.

Tulikuta meli ya kaka ishaingia kwenye birika la saruji, milango ya chuma imefungwa mbele na nyuma. Humo maji hutolewa, na meli hushuka nayo polepole mpaka ilingane na mfereji wa upande wa pili. Bado ilikuwa juu, sitaha sawa na sisi. Na kaka yangu huyo hapo, ameegemea reli, kofia ya kazi kichwani, mvi ndevuni. Mvi, jamani! Nikapiga kigelegele, Wazungu wakageuka.

Nikamwinua mtoto. "Mjomba, mwone! Nimempa jina la mama!"

Akajifuta macho. "Umefanya vizuri, mdogo wangu! Jina la marehemu lisipotee!"

Hata nikacheka. "Marehemu nani?"

Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, na meli ilikuwa imeanza kushuka. Nikamwona kifua, nikamwona mabega, nikaona kofia tu.

"Kaka! Marehemu nani?"

"Hawajakwambia? Mungu wangu, hawajakwambia?"

Kisha ukabaki ukuta unaochuruzika maji.

Mama si ninampigia simu! Kila nikipiga, dada yetu mkubwa hupokea: mama kalala, mama kaenda kanisani. Saa za huku na za kwetu hazipatani, nikaamini.

"Ulikuwa na mimba ya miezi saba," mume wangu akasema, macho kwenye viatu. "Wakubwa walikataza. Mjamzito haambiwi msiba mpaka ajifungue salama."

"Mtoto ameota meno! Mlikuwa mnangoja aolewe?"

Milango ya mbele ikafunguka, meli ikaanza kutoka, na sauti ya kaka ikiniita kutoka chini, nisimwone. Nikaketi kwenye zege, mtoto mapajani, nikaangua kilio cha kwetu, cha sauti, watu wakashusha kamera zao. Mume wangu akaniambia pole. Nikamtazama, hana hata chozi. Yeye na ukoo mzima walishalia, wakaanua matanga. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza.