Masika na Mawe Yanayotembea

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya chuo cha ufundi, Kasese, Mkuu wa Maktaba alinikabidhi kompyuta moja na kazi niliyokuwa siijui: kuwasaidia wahitimu kupata nafasi za uzamivu, yaani udaktari wa utafiti, katika vyuo vikuu vya teknolojia vya ng’ambo. Nilidhani ni kuomba msaada. Akanirekebisha.

“Kule mara nyingi ni ajira,” alisema. “Profesa ana swali, anatafuta mtu wa kulifanyia kazi. Waulize vijana wanataka kujua nini.”

Niliuliza hivyo miaka mingi. Wengi walijibu kwamba wanataka kuitwa daktari.

Baadaye nilihamishiwa kituo chetu cha Bwera, mpakani. Huko alinijia Masika, mhandisi wa maji, ambaye mama yake Mkongomani aliuza maharage sokoni. Alikuwa amewaandikia maprofesa wengi maneno yale yale, na hakuna aliyemjibu. Nami nikamuuliza swali langu.

Akajibu: “Mwalimu, mafuriko ilileta mawe kubwa kama ng’ombe amelala, mpaka kwa shamba ya babu, Karusandara. Pale ni tambarare. Maji ilitoa wapi nguvu? Kila mutu anasema ni Mungu. Mimi nakubali. Lakini nataka kujua alifanya namna gani.”

Tukaanza kusoma makala za watafiti, tukimsaka mwenye swali kama lake. Tulimpata profesa mmoja aliyekiri, mwishoni mwa makala yake, kwamba mwendo wa mawe kwenye mteremko mdogo ulikuwa bado unamshinda. Masika akamwandikia kwa ufupi, akaambatisha picha za shamba. Profesa akamwita kwenye usaili wa video.

Mkuu wa Kituo, askari mstaafu, alimwonya: “Jibu mara moja. Neno ‘sijui’ isitoke.”

Profesa akauliza kwa nini mawe yalisimama palepale shambani.

“Sijui,” alisema Masika. Nikafumba macho pale kando yake. “Wewe unajua?”

Profesa akacheka. “Hapana.” Wakazungumza mpaka mtandao ukakatika.

Hata hivyo nafasi ile alipewa mwingine, aliyejua kuiga mwendo wa maji kwa kompyuta. Masika alilia ofisini kwangu, kisha akamwandikia profesa kuuliza ajifunze nini. Akajifunza, huku akipima mawe ya babu yake. Nafasi nyingine ilipotangazwa, aliomba tena, akachukuliwa, akaenda Ulaya.

Sasa nimestaafu, naishi Bulembia. Niwaambieni ninyi mnaotafuta: anzeni na kile kinachowanyima usingizi, ndipo mtafute chuo.

Juzi nilikwenda Bwera kununua maharage. Mama Masika alinipimia, akanisogelea.

“Mwalimu, ile mawe ya Ulaya, nayo inatembea?”

“Sijui, mama.”

Akafunga mfuko taratibu. “Akipiga simu, nitamuuliza.”