Asubuhi Niliyompokea Mzee Minani

Niseme mapema ili tusisumbuane: pombe sinywi, bangi siijui, na kwetu Kibondo ukiuliza watakwambia huyu mama ana mdomo, lakini uongo hana. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, macho makavu, chai imeshashuka tumboni. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, basi, ila usije ukaniambia niliota.

Mimi ni mlinzi wa geti la reli. Hapo huwa wengine wanacheka, ati mwanamke analinda geti. Ndiyo, nalinda. Geti letu liko upande wa Uvinza, pale barabara ya vumbi inapokata reli. Treni ikikaribia naishusha boriti, magari na watu wanasubiri, nasimama na bendera ya kijani mpaka treni ipite, halafu nafungua. Na mwenzangu wa zamu, kwa miaka mingi, alikuwa Mzee Minani.

Mzee Minani huwezi kumchukia hata ujitahidi. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia Kasulu, akawa Muha kuliko Waha wenyewe. Salamu yake ilikuwa ile yetu ya makofi, taratibu, mwili umeinama, "mwakeye, mwakeye," na aliitoa kwa kila mtu. Dereva wa lori ataipata, mama wa Kikongo aliyebeba vitenge ataipata, hata mbuzi wa watu aliwasalimia kwanza kabla ya kuwafukuza relini. Mwenye mzigo mzito alimvusha yeye mwenyewe. Na mimi nikifika kumpokea, hata niwe nimewahi vipi, lazima aniambie nimechelewa, halafu anacheka peke yake. Kila siku utani huohuo. Ulikuwa unaniudhi kweli, na leo naukumbuka mpaka moyo unauma.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu ambalo lazima ulielewe. Getini huondoki mpaka mwenzako afike. Uwe na homa, uwe na msiba, huondoki. Akifika unamweleza hali ya njia, unamkabidhi bendera mkononi, naye anasema, "Nimepokea." Hapo tu ndipo unakuwa huru. Kabla ya hapo hata chooni unaenda shingo imegeuka nyuma. Wengine tunalegealegea, lakini Mzee Minani alilishika hilo kama amri ya kanisani.

Akaanguka akiwa zamu. Kifua. Wapita njia wakampakia kwenye lori lililokuwa linasubiri pale, wakamkimbiza hospitali Kasulu, na mimi nikapigiwa simu. Nilipofika nilikuta geti liko sawa, bendera zimekunjwa vizuri, na yeye ameshaondoka. Siku chache baadaye akafariki. Mazishini sikwenda, maana nani angebaki getini? Nililia nimesimama na bendera, treni ya mizigo inapita, dereva ananipigia honi akidhani namsalimia.

Ruhusa niliipata wakati wa kuanua tanga. Nikatoka zamu moja kwa moja, kizibao cha kazi na bendera zangu zikiwa kwenye mkoba, mpaka kijijini kwake Kasulu, mlimani, njia ya kwenda Kagerankanda. Nilitegemea kukosa hata pa kukaa. Nani asingekuja kwa Mzee Minani? Nikakuta uwanja mtupu. Mjane wake, Mama Skola, amekaa mkekani peke yake. Upande wa pili wa uwanja alikuwapo Bukuru, mdogo wa marehemu, na wanaume wachache, na hakuna aliyekuwa anamtazama mjane usoni.

Mama Skola akanivuta ndani, akanieleza. Tangu mumewe azikwe, kila asubuhi yenye ukungu watu wanamkuta kule bondeni, kwenye kalavati la kijito. Amesimama, mbele yake boriti imelala barabarani, anainua kiganja: simama. Na watu wanasikia treni inakuja. Sikiliza vizuri, Kasulu hakuna reli! Kutoka pale, ukitaka kuona reli, upande gari. Lakini watu wanaisikia, ardhi inatetemeka, inakuja tu wala haipiti, na boriti haifunguki. Bodaboda wanageuza, wauza ndizi wanazunguka mlima mzima. Basi wakaanza kusema Minani alikuwa mchawi, na kwamba ndiyo maana alipendwa kiasi kile. Bukuru naye amechoka kunyooshewa vidole, amekubaliana nao. Mganga ameitwa kutoka upande wa Manyovu. Kesho anafika, kaburi linafukuliwa, mwili unachomwa moto.

"Watamchoma mume wangu, mwanangu," akaniambia. "Amevusha watu maisha yake yote, leo hao hao wanamchoma."

Nikamuuliza tu kama kule hospitali mzee aliacha neno lolote. Akasema hakuna la maana. Alikuwa anahangaika, anataka kushuka kitandani, anasema hajakabidhi, hajakabidhi, na wao wanamrudisha kitandani na kumwambia tulia, mzee. Walidhani ni homa inasema.

Niamini, nywele zilinisimama. Palepale nikajua kinachomsimamisha kule bondeni, na nikatamani nisingejua, maana ukishajua lazima uende.

Asubuhi ukungu ulikuwa ule wetu wa milimani, unanyoosha mkono huoni vidole. Nikanywa chai, nikavaa kizibao, nikashuka. Usifikiri ni ushujaa. Njia nzima nasali Baba Yetu, nikifika katikati nasahau, naanza upya. Karibu na kijito nikamkuta mama mmoja muuza ndizi, amekaa chini kando ya kikapu chake, anaogopa kwenda na anaogopa kurudi. Akanionyesha kwa mdomo tu: yuko pale.

Na kweli alikuwa pale. Koti lake la mvua la kazini, kofia yake, mgongo wima. Boriti imelala njiani. Treni nayo niliisikia, jamani, mpaka kwenye nyayo. Akaniinulia kiganja, nikasimama. Wewe ungefanyaje?

Watu walikuwa wamesema ana macho mekundu ya kishetani. Mekundu yalikuwa, sikatai. Lakini macho yale nayajua, hata mimi huwa nayo asubuhi. Ni macho ya mtu aliyekesha kazini, na kila mara yalikuwa yanapita juu ya bega langu kuangalia barabarani kama kuna mtu anakuja. Hofu ikanitoka, ikaniingia huruma. Mzee wa watu, siku zote hizo kwenye baridi, hajakaa hata chini.

Nikainama, nikapiga makofi, nikamsalimia kwa salamu yake mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kukupokea."

Akanitazama. Hapo ndipo aliponitambua.

"Umechelewa, binti," akasema, kwa sauti yake ileile.

Nikacheka. Machozi na kamasi vinanitoka, nami nacheka. Akanieleza hali ya njia kama kila siku: geti limefungwa, treni ya mizigo iko karibu, hakuna tatizo. Akanyoosha mkono. Bendera aliyonipa sikuiona, ila uzito wake niliupata kiganjani, na ubaridi wake.

"Nimepokea," nikasema. "Nenda kapumzike, mzee."

Mabega yakamshuka. Katika yote niliyoyaona siku ile, hilo ndilo nalikumbuka zaidi, jinsi mabega yalivyomshuka. Hakuyeyuka, hakupaa, wala hakugeuka paka. Alitembea. Alipanda kilima kuelekea nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyetoka zamu, akampigia makofi muuza ndizi, akaingia kwenye migomba alikozikwa.

Mimi nikabaki na treni yake. Sasa ningekimbia, na nimeshapokea? Nikatoa bendera yangu ya kijani, nikasimama mahali pake. Ikapita. Sikuona behewa hata moja, lakini upepo wake ulinivuta kizibao, na ilikuwa ndefu, nikafikiri haitakwisha. Ilipokwisha nikainua boriti. Yule mama akajitwika kikapu chake, akavuka, akaniambia asante kama watu wanavyoniambia kule getini. Nilipoitazama boriti tena, mikononi sikuwa na kitu.

Muuza ndizi alifika uwanjani kabla yangu, na habari alishaimwaga yote. Bukuru hakuamini, na simlaumu. Lakini mganga alipofika, Bukuru alimwambia asubiri. Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa uleule, akashuka mwenyewe na wenzake, wakasimama kwenye kalavati mpaka jua likatoka. Bodaboda zikapita, watu wakapita, kukawa na kimya cha kawaida tu. Akarudi, akapiga magoti mbele ya shemeji yake, akainamisha kichwa. Mganga akapewa chakula, akaenda zake. Kaburi halikuguswa.

Nikamweleza Mama Skola yote. Akasema, "Kumbe alikuwa kazini tu." Akaanza kucheka, polepole, mpaka akajishika mbavu, na wanawake waliokuwa wamerudi uwanjani wakacheka naye. Tanga likaanuliwa siku ile, watu wakajaa, na kila mmoja akawa na kisa chake cha jinsi Mzee Minani alivyomvusha. Mimi nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu afariki.

Ila kupokea ni kupokea. Nikiwa likizo nyumbani Kibondo, nako hakuna reli, asubuhi zenye ukungu naisikia treni inakuja. Naamka, nasimama mlangoni, nainua mkono, inapita, narudi kulala. Mume wangu alishaacha kuniuliza. Siogopi, na wala sijutii. Ila wanangu nimeshawaambia mapema ni nani kati yao atakayekuja kuipokea kwangu.

Nawe nakuambia, hata kama reli huijui. Ukiwa na mgonjwa wako anahangaika, anataka kushuka kitandani, usimwambie atulie. Muulize ameacha kazi gani, kisha mtajie kwa jina ni nani ameipokea. Mwambie angali anakusikia. Akishazikwa, itabidi wewe mwenyewe umfuate huko kwenye ukungu kumwambia, na treni inakuja.