Mchezo wa Tisa wa Karani Kasiani

Chama cha sataranji kilitangaza, kwa waraka uliogongwa muhuri mara mbili, kwamba cheo cha mchezaji hutolewa kwa mtu yeyote, popote alipo, bila kuangalia kabila, dini wala kazi yake, ili mradi uwezo wake umethibitishwa. Kasiani Komba, karani wa ghala la korosho bandarini Mtwara, aliubandika waraka huo ukutani kwa uji wa muhogo. Ukiacha kalenda na rozari, ukuta haukuwa na kitu kingine.

Kasiani alihamishiwa Mtwara kutoka Songea mwaka 1994. Mkewe, Helena, alibaki nyuma kuvuna mahindi, halafu akabaki tu. Sataranji alifundishwa na ofisa wa meli ya Kihindi iliyokaa wiki tatu ikisubiri korosho za Nanyamba. Meli ilipoondoka, ofisa alimwachia ubao na kete. Mtu wa kucheza naye hakumwachia. Mji ulicheza bao na drafti. Basi Kasiani alicheza na Kasiani: anasogeza kete nyeupe, anazunguka meza, anakaa kiti cha pili, anafikiri upya.

"Bwana karani, leo kashinda nani?" aliuliza Zuberi, mlinzi wa ghala, aliyepita kila Jumapili kusalimia.

"Nyeusi."

"Na aliyefungwa kalala wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi mpe pole."

Ugumu ulikuwa hivi. Cheo cha chini kabisa kilihitaji pointi elfu mbili na mia mbili, na ili mtu aanze kuandikiwa pointi, alitakiwa acheze michezo tisa na watu ambao tayari wanazo. Ni kama kuomba kaa la moto kwa jirani: shurti jirani awe amewasha. Mtwara hakuna aliyekuwa amewasha. Kasiani alijua kwamba cheo chenyewe kiko mbali. Alitaka kwanza jina lake liingie kwenye orodha, apate kujua kama miaka yote ile alikuwa anacheza sataranji au anahama viti.

Oktoba 2003 alichukua likizo, akaenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya raundi tisa. Nane alizicheza: alishinda mbili, akatoka sare mbili, nne alifungwa. Alifurahi hata kufungwa, kwa sababu aliyemfunga alikuwa mtu mwingine.

Asubuhi ya raundi ya tisa alipangwa na Mzee Anold, mwalimu mstaafu wa Morogoro mwenye pointi za kutosha. Mzee alifika na begi mkononi.

"Mwanangu, dada yangu kafariki alfajiri. Basi langu linaondoka saa tatu."

"Pole sana, mzee wangu. Basi tugawane, iwe sare."

"Tusogeze hata kete moja moja, tuonekane tumecheza."

"Hapana, mzee. Mtu mwenye msiba hachezeshwi."

Walitia saini sare, kete zote zikiwa zimesimama mahali pake. Kasiani akambebea mzee begi mpaka kituoni, akampa rambirambi, akasimama mpaka basi likatoka.

Barua ya chama ilimfikia Januari. Ilimpongeza kwa ushiriki wake, ikamwarifu kwamba mchezo ambao hakuna kete iliyosogezwa hauhesabiki. Kete moja kila upande ingetosha. Michezo yake minane ingehifadhiwa. Akicheza mmoja zaidi na mchezaji yeyote mwenye pointi, ataandikwa.

"Wamesemaje?" aliuliza Zuberi.

"Umebaki mmoja."

"Mmoja tu? Si umeshafika, bwana karani."

Kasiani aliikunja barua, akamwambia ni kweli. Mwenye pointi wa karibu zaidi alikuwa anakaa Dar es Salaam, kilomita mia tano na sitini, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua tangu Jumanne.