Uvimbe Walioupa Namba ya Mimba

Mkunga wa jadi alipobonyeza tena, kitu kilijisokota tumboni kama tambara la deki linapokamuliwa. Nikatapika mkekani. Yeye, mikono inang'aa mafuta ya nyonyo, akacheka: "Anageuka huyo! Alilala mgongoni muda mrefu." Mama mkwe akapiga kigelegele. Mimi nakufa.

Mimba haikuwepo. Nilishawaambia.

Siku chache nyuma nilikwenda kliniki ya mtu binafsi pale Mkata, tumbo limevimba upande mmoja. Daktari akanipima kwa ultrasaundi, akasema wazi: "Mama, una uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Haufanani na saratani. Nenda Korogwe wautoe mapema, kifuko chenyewe kitapona."

Nikapeleka karatasi kwa karani wa bima. Kila ugonjwa una namba yake, bima husoma namba hiyo. Karani akaandika ya mimba, daktari akaipigia muhuri. Nesi alipoiona akanipa hongera. Nikamrudia karani, mbona hivi? Hakuinua hata macho. "Hiyo inapita haraka, haisumbui. Ugonjwa wako si unaujua mwenyewe?"

Nilikuwa naujua. Ila mama mkwe alisimama nyuma yangu, na alichosikia ni hongera tu.

"Ni uvimbe, mama," nikamwambia njiani.

"Wewe wa darasa la nne unamshinda nesi? Nimengoja mjukuu mpaka mvi zimeniota, leo unamwita uvimbe!"

Kwetu wanaamini mimba inaweza kujificha mgongoni hata miaka, mpaka ikandwe ije mbele. Basi akaitwa mkunga. Mume wangu alikuwepo. Alitoka nje kufunga mbuzi.

Dada yangu wa Kwamndolwa ndiye aliyekuja kunibeba mpaka hospitali Korogwe. Nilipozinduka, daktari wa upasuaji akaniambia kifuko kilijisokota, damu ikakatika, kikaoza; wamekitoa chote. Majibu ya maabara yakaja: saratani hakuna. Ningefika mapema wangetoa uvimbe tu. Kifuko kimoja kilichobaki hakikunipa mtoto miaka yote hii, na sasa umri umekwisha.

Mkunga alifanya anachokijua. Mama mkwe na mwanawe, hao tumeshamalizana. Lakini wewe karani bado umekaa dirishani pale, unaniita mama kwa adabu. Nawe daktari wa Mkata, uvimbe uliuona kwa macho yako, ukapiga muhuri juu ya namba ya mimba. Simameni wote wawili mbele yangu mniambie: mlikuwa mnamrahisishia nani?