Begi la Shujaa Lilikuwa Hewa Tupu

Bado nina hasira na ile filamu ya Jumapili, hata kama aibu niliyopata ni ya kujitakia.

Mimi ni mpagazi. Nabeba mizigo ya wageni kutoka kijiji cha Nyakalengija, chini ya mlima, hadi kwenye theluji ya kileleni. Mchana ule, kwenye kibanda cha video mjini Kasese, joka la vichwa vitatu lilitema barafu, nikakubali. Shujaa akaongea na marehemu baba yake, nikakubali pia. Lakini alipoupanda mlima mbio, begi kubwa likirukaruka mgongoni kama puto, nilisimama.

"Wanatudanganya! Begi ile ni hewa!"

"Kaa chini!" watu wakanifokea. "Joka umeamini, begi ndiyo inakushinda?"

Basi nikaamua kuwafundisha. Mbele yangu alikaa mama mmoja, mchuuzi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na gunia lake lililojaa. Nikalinyakua, nikalitupia mgongoni. Nikapinda kiuno. Magoti yakatetemeka. Nikaguna, nikahema, mpaka kibanda kizima kikanyamaza kwa huruma.

"Papa, weka chini!" mama akalia. "Iko mikate tu mule, unaiponda yote!"

Kicheko kilichofuata ningekivumilia. Lakini kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi mkuu wetu wa wapagazi, yule ambaye kila safari hunionea huruma na kunipunguzia mzigo.

"Hebu guna tena," akasema taratibu. "Nataka nisikie kama ni mguno ule ule wa mlimani."