Mchawi Aliyetazama Mkiani

Bartolomayo Matonya alikuwa mchora ramani. Mchana kutwa alichora mitaa ya Dodoma ambayo bado haikuwepo, mistari myembamba juu ya uwanda uliokuwa vumbi na miiba. Jioni alirudi nyumbani Makole, akala, akanawa, kisha akakaa barazani kumchonga fisi mwenye mabawa.

Fisi huyo alikuwa wa mchezo. Mhandisi mmoja mgeni, mchimba visima, alipomaliza mkataba alimwachia Wambura, karani wa Bunge na rafiki wa Bartolomayo, boksi la askari wadogo wa madini ya risasi na kitabu cha kanuni. Ilikuwa vita ya mezani: majeshi mawili, dadu, na utepe wa fundi cherehani wa kupimia mwendo. Blanketi la kijani ndilo lilikuwa nchi. Vitabu vilivyofichwa chini yake vilikuwa milima. Ndani ya boksi mlikuwa na wapiga mishale, wapanda farasi na wafalme wawili. Wachawi wanaoruka, ambao kitabu kiliwasifu kuliko wote, hawakuwemo. Kila mchezaji ilibidi ajitengenezee wake.

Miaka ya nyuma wasingeweza. Nani angetafuta rangi ya mchawi wakati sabuni yenyewe ilipangiwa foleni? Lakini sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na soko la Majengo lilikuwa limejaa vile vitu vidogo ambavyo mtu hukumbuka kuvitamani akishashiba: gundi za tyubu, vifungo vya mitumba, rangi za kucha za kila namna. Wambura alimpandisha mchawi wake juu ya tai, akammaliza upesi. Bartolomayo alichukua msimu mzima wa mvua. Mwili wa fisi aliutoa kwenye mguu wa kiti kilichovunjika. Mabawa aliyakata kwenye kopo la samli. Akamning'iniza hewani kwa spoku ya baiskeli, iliyosimama ndani ya kizibo cha soda kilichojazwa risasi iliyoyeyushwa.

"Baba Jordan," alisema mkewe, Loisi, "kitu hicho hakilali ndani ya nyumba hii. Sisi tumebatizwa."

"Ni mti tu, mama Jordan."

"Mti gani una meno? Na hiyo rangi yangu ya kucha, ungeomba."

Kesho yake alimkuta Loisi mwenyewe ameinama barazani, ulimi nje kidogo, akimpaka fisi kucha nyekundu. "Ulimpaka vibaya," alisema bila kuinua uso.

Mchawi, Bartolomayo alimkalisha mgongoni mwa fisi akitazama mkiani. Hakufikiri mara mbili. Bibi aliyemlea kule Gulwe, kando ya reli, alimwambia kwamba mchawi hupanda fisi kinyumenyume, ili amwone anayemfuata. Bibi alishazikwa. Sauti yake ilishaanza kufifia, hata wimbo aliomwimbia, Bartolomayo aliukumbuka nusu. Hilo la fisi lilibaki zima.

Siku ya kwanza mezani, Yasinta, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mwamuzi wao, alisoma kanuni kwa sauti: mchawi hurusha moto upande ule tu unaotazamwa na uso wake.

Wambura aligonga meza kwa kicheko. "Barto! Mchawi wako vita imemshinda hata kabla hatujaanza. Anatazama nyumbani!"

"Ndivyo wanavyopanda."

"Wanavyopanda wapi?"

"Gulwe."

Wambura akacheka mpaka akafuta macho.

Tangu hapo Bartolomayo alishindwa kila Jumamosi. Hakumpeleka fisi mbele. Kulikuwa na kanuni nyingine, waliyoitunga wenyewe: kilichoanguka mezani kimekufa, hata kama kimeangushwa na upepo. Na upepo wa Dodoma, miezi ya kipupwe, hauombi ruhusa kuingia dirishani. Basi fisi alielea nyuma ya jeshi lake, salama, mzuri, bila kazi. Hata ramani zake Bartolomayo alizitunza hivyo. Karatasi nzuri hakutaka iguswe.

Jumamosi moja ya Julai Wambura aliweka msumeno wa chuma dirishani. "Ndugu yangu, nimechoka kukupiga. Ukishindwa leo, tunamkata huyo kiunoni, tunamgeuza, tucheze vita ya watu wazima."

Bartolomayo alitazama msumeno. Angeweza kukataa. "Sawa," alisema.

Mchezo ulikwenda kama kawaida. Wapanda farasi wa Wambura walishuka mlimani, wakavunja ubavu wa kushoto wa Bartolomayo. Mfalme wake akabaki na walinzi wachache. Bartolomayo akanyoosha utepe mara moja, akaurudia. Kisha akamshika fisi kwa spoku, akamvusha juu ya jeshi lote la Wambura, mpaka ukingo wa meza, chini ya dirisha.

"Unakimbia?" Wambura aliuliza. "Maana huko ni mwisho wa dunia."

Upepo ukaingia. Pembe ya blanketi ikainuka, spoku ikayumba, mabawa ya bati yakalia tiki-tiki. Kizibo kikasimama.

Yasinta aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na meza. Pua ya fisi ilielekea dirishani. Uso wa mchawi ulielekea migongo ya jeshi zima, na mbele yake kabisa, mgongo wa mfalme wa Wambura.

"Halali," alisema.

"Ngoja kwanza! Jeshi langu ligeuke!"

"Zamu si yako, Wambura. Kaa chini."

Bartolomayo alirusha dadu. Moto ukampata mfalme wa Wambura; akalazwa chali juu ya blanketi, na vita ikaisha.

Wambura aliegemeza kidevu kiganjani. Kisha akachukua msumeno, akamvuta tai wake karibu. "Huko Gulwe," alisema, "tai nao wanapandwa vipi?"

Jioni Loisi alikuwa barazani akichambua mchele. "Wamemkata?"

"Hapana. Ameshinda."

Loisi akamaliza ungo wake kwanza. Kisha akaingia sebuleni, akasogeza redio kwenye rafu, akamweka fisi pua mlangoni. Akarudi nyuma, akamtazama. Akamgeuza, pua ukutani, ili yule aliyempanda amwone kila anayeingia.