Laini ya Mama Pindoni mwa Kanga

Kwa miaka mingi nilimbeba mama yangu kwenye pindo la kanga. Simu aliyoniachia mwanangu ina tundu moja tu la laini, nami nina laini mbili: moja ya wateja wangu wa mchele, nyingine ya mama, anayeishi huko delta. Mama hajui kusoma. Namba yangu imechorwa kwa msumari mlangoni kwake, na jirani ndiye humbonyezea. Basi mchana niliweka ya wateja, jioni nikabadilisha. Isiyo na zamu niliifunga fundo pindoni.

Siku moja nilifua kanga mtoni nikasahau fundo. Laini ya mama ikaenda na maji.

Wiki hiyohiyo mama akashikwa na homa. Alinipigia siku tatu, akaambiwa sipatikani. Nilipovuka mto kwenda kwake nilimkuta amekaa, ana nafuu, wala hakuniitikia salamu haraka.

"Ningekufa, ungekuta nimeshazikwa," alisema.

Kwetu maiti hailazwi, huzikwa siku hiyohiyo. Nililia njia nzima ya kurudi, kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika husikiliza vizuri. Mwalimu aliyepanga nyumba jirani na kwangu akanieleza kwamba siku hizi kuna laini ya eSIM, inakaa ndani ya simu bila kile kipande cha plastiki. Ukitaka kujua kama simu yako inaikubali, waiuliza yenyewe kwa namba alizonifundisha kubonyeza.

Nikaenda Kibiti mjini. Dada wa duka la laini alitazama miguu yangu yenye tope la bondeni kabla hajaitazama simu. Nilipotaja eSIM akasema hizo ni za simu za watu wa Dar, nichukue laini ya kawaida, tena mbili za nini, niache moja. Nikamuuliza niache ipi, ya wanaonilisha au ya aliyenizaa? Akacheka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nikabonyeza mbele yake: nyota, reli, sifuri, sita, reli. Namba zikajitokeza, na juu yake neno EID na msururu mrefu wa tarakimu. Mwalimu alisema hilo neno likiwepo, simu imekubali. Nikamgeuzia kioo.

"Soma wewe, mwanangu," nikamwambia. "Mie miguu yangu ina tope."

Hakucheka tena, akaanza kunisajili. Mashine ya alama za vidole ilinikataa mara nne, maana jembe limenila vidole. Aliponiambia nirudi kesho, nikavuta kiti nikakaa. Mara ya tano ikakubali, na namba yangu ya mama, ileile iliyochorwa mlangoni kwake, ikaingia ndani ya simu, ikakaa pamoja na ya wateja.

Kesho yake nilikuwa juu ya dungu nafukuza ndege kwenye mpunga, jua la saa sita. Simu ikaita.

"Siumwi," mama alisema. "Nilitaka kujua kama upo."

"Nipo, mama. Piga saa yoyote, hata mchana."